Ndoo Moja ya Maji: Namna ya Kuchagua Dekapotabo la Zamani

Siku nilipoomba ndoo ya maji, muuzaji alidhani nataka kuosha gari. "Papa, iko safi, tumeisafisha asubuyi," akaniambia. Nikapanda juu ya tofali, nikaimwaga ndoo ile polepole juu ya paa, kuanzia fremu ya kioo cha mbele mpaka pale kitambaa kinapoingia kwenye buti. Kisha tukakaa kivulini, tukanywa soda. Baada ya dakika 15 nikafungua mlango wa abiria, nikainua zulia, nikabonyeza kwa ngumi sifongo iliyo chini yake. Maji yakatoka katikati ya vidole kama mtu anayekamua shati. Muuzaji akanyamaza. Bei tulikuwa bado hatujaigusa, na hatukuigusa tena.

Tangu hapo, kila ninapoitwa kutazama gari la kufunuka paa, ninaanza na ndoo. Huku Lubumbashi gari la namna hiyo tunaliita dekapotabo. Si mengi, lakini yapo: Mercedes SL, Toyota Soarer, BMW, na mara mojamoja Jaguar. Mengi yanatoka Japani au Dubai, yanashushwa Dar es Salaam, yanapita Tunduma, yanakatiza Zambia na kuingilia Kasumbalesa. Yanapotufikia yana miaka 20 au zaidi, yamepakwa mafuta ya kung'arisha, na mnunuzi anafungua boneti kabla ya kitu kingine chochote. Anakosea. Injini ina fundi wake mjini. Gari lililolowa ndani miaka mitano halina fundi.

Sababu yake ni hii. Paa la dekapotabo halizuii maji yote, na waliolitengeneza wanajua. Wameyapa maji njia: yanavuka raba ya kwanza, yanaanguka kwenye mfereji mdogo, yanashuka ndani ya bomba lililofichwa kwenye bodi na kutokea chini, karibu na gurudumu. Mfumo huo ni mzuri mpaka tundu linapoziba. Na kwetu linaziba kwa ratiba. Kiangazi chote vumbi jekundu linajaa ndani ya mifereji. Septemba na Oktoba mijakaranda inamwaga maua yake juu ya kila gari lililoegeshwa mjini. Yakioza, yanachanganyika na lile vumbi na kuwa udongo wa mfinyanzi. Novemba mvua inaanza, maji yanakuta mlango umefungwa, yanageukia ndani. Chini ya zulia ndiko zilikopita nyaya, na kwenye buti ndiko watengenezaji wengi walikoweka vile visanduku vya umeme vinavyoendesha kila kitu. Ndipo unasikia kioo kimeshuka chenyewe usiku wa manane, au honi inalia hakuna mtu. Watu wanaita mchungaji. Waite kwanza fundi wa umeme.

Muuzaji akikukatalia ndoo, tumia pua. Ingia, funga milango yote na vioo, kaa kimya dakika mbili. Unyevu wa zamani una harufu ya gunia la mihogo lililosahauliwa. Ukikuta gari limepuliziwa manukato makali mpaka macho yanawasha, tayari umeshajibiwa. Tazama pia vioo kwa ndani asubuhi mapema: ukungu usiotaka kuondoka maana yake sakafu imelowa.

Ukisharidhika na maji, geukia paa lenyewe. Washa injini kwanza, maana mota ya paa inanyonya betri kama mtoto wa ng'ombe. Fungua na kufunga mara tatu mfululizo, saa mkononi. Paa la Soarer linatumia sekunde 25 hivi. La SL la miaka ya 90 liko karibu na nusu dakika. Mara ya kwanza karibu kila paa linatii. Mara ya tatu, kwa paa la pampu ya haidroliki, mafuta yamepata moto na mpira uliochoka umelegea, ndipo utaona upande mmoja unachelewa, au pampu inalia bila kitu kusogea. Fundi akikuambia "ni kafizibo tu," yaani fyuzi ndogo, mwambie aibadilishe hapo hapo, ukiwa umesimama.

Kwenye SL hiyo, ile ambayo Mercedes wenyewe wanaiita R129, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 2001, paa linasukumwa na mitungi midogo ya haidroliki zaidi ya kumi, na raba za ndani ya mitungi hiyo huzeeka. Miwili iko kwenye fremu ya kioo cha mbele, juu ya kichwa chako. Shusha vile vibao vya kukinga jua uvipapase. Vikiwa na mafuta, yatadondokea shati lako jeupe siku ya Jumapili. Jaguar XK8 ina ugonjwa unaofanana: bomba la haidroliki linalopita juu ya kioo cha kutazamia nyuma linapasuka, na mafuta ya kijani yanammwagikia dereva. Tafuta doa hapo kwenye dari. Na tafadhali, usimruhusu mtu yeyote aongeze mafuta ya breki kwenye tangi la paa eti "yote ni haidroliki." Mafuta ya breki yanazivimbisha raba zile na kuziua, na ulichokuwa ukidaiwa kwa mtungi mmoja utakilipa kwa yote.

Vioo vya nyuma vya paa la R129 ni vya plastiki laini. Jua linavigeuza vya njano, baridi inavivunja. Asubuhi za Juni na Julai hapa mjini si za mchezo. Plastiki inakuwa ngumu kama ganda, na ukikunja paa saa kumi na mbili asubuhi ili uonekane ukienda kazini, utasikia ikipasuka. Ngoja jua lipande. Ukikuta kioo cha namna hiyo bado kinaangaza baada ya miaka 25, ama kimebadilishwa ama gari limelala gereji muda mrefu. Yote mawili ni habari njema.

Sasa bodi. Gari la kawaida limefungwa juu na chini kama sanduku. Dekapotabo limekatwa kifuniko, kwa hiyo nguvu yake yote imehamia chini, kwenye vizingiti vya milango. Jaribio langu halina gharama: pandisha gurudumu moja la mbele juu ya ukingo wa barabara, zima, kisha fungua na kufunga milango yote miwili. Mlango wa gari zima utafunga kwa sauti ileile ya awali. Ukikwaruza, ukikataa, au ukihitaji kuinuliwa kwa mkono, gari hilo limejipinda, na hakuna mtu Lubumbashi wala Lusaka atakayelinyoosha sawasawa.

Gari lililopitia mnada wa Japani lina karatasi yake, na karatasi hiyo inasema ukweli kuliko muuzaji. Ina mchoro wa gari wenye herufi ndogondogo: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali paliponyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Alama ya jumla ikiwa R au RA, gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kwa Corolla ya paa gumu ninaweza kusamehe R. Kwa dekapotabo sisamehe hata ndogo, kwa sababu ile ya vizingiti. "Karatasi imepotea" ni maneno ninayoyasikia kila wiki. Namba ya chasisi haijapotea, anza nayo.

Kuna alama nyingine ambazo hazimo kwenye karatasi yoyote, nazo ni za hapa hapa. Dekapotabo nyingi za mji huu zimefanya kazi ya harusi. Jumamosi zinakodiwa, zinafungwa maua na utepe, zinatembea mwendo wa jeneza nyuma ya fanfare, yaani bendi ya matarumbeta, feni ya rejeta ikiwaka bila kupumzika, bibi harusi amekaa juu ya mgongo wa kiti cha nyuma. Pitisha kidole ukingoni mwa boneti: gundi ya utepe haitoki yote. Tazama mshono wa ngozi mahali watu walipokalia pasipokaliwa. Ingiza kidole kwenye mfereji wa paa. Mimi nimewahi kutoa humo vipande vya karatasi za rangi vya kujaza kikombe cha chai. Gari la harusi si baya moja kwa moja, ila bei yake iwe bei ya teksi.

Lipi la kununua, basi? Nitasema wazi. Jaguar XK8 ni nzuri kuliko zote kwa macho, na ningeiacha. Zile za kuanzia 1996 hadi karibu 2000 zilipakwa Nikasil ndani ya silinda, kitu kisichopatana na petroli yenye salfa nyingi, na vikaza-mnyororo vyake vya mwanzo vilikuwa na plastiki inayovunjika. Kwa mafuta ya bidoni ya kando ya njia, hiyo ni ndoa isiyo na siku ya tatu.

R129 ni gari la mtu mvumilivu. Ina faida moja ambayo wengi hawaijui: Wajapani wa miaka ile walipenda magari ya Ulaya yenye usukani wa kushoto, ilikuwa ndiyo heshima, kwa hiyo unaweza kupata Japani SL iliyotunzwa vizuri na inayofaa barabara zetu za kuendesha kulia. Kwa zile za 1992 hadi 1995 hivi, omba fundi afunue kidogo nyaya za injini. Ngozi ya nyaya za miaka hiyo inakauka na kubomoka kama mkate mkavu. Zikibomoka, weka shada jipya la nyaya kwenye hesabu yako kabla ya kutaja bei.

Lakini kwa mtu anayetaka kuendesha na si kusimulia, ninachagua Soarer ya 2001 hadi 2005, ambayo nje ya Japani ilijulikana kama Lexus SC 430. Paa lake ni la alumini, si kitambaa. Injini yake ni V8 ya lita 4.3, ndugu wa damu wa ile ya Land Cruiser 100, na Land Cruiser 100 mafundi wa Katanga wanaifungua wamefumba macho. Injini ya Soarer ina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na hadithi inaishia hapo. Fungua boneti utafute kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani, tarehe na kilomita: huko Japani fundi akibadilisha mkanda huacha ushahidi. Hakuna kibandiko, badilisha kabla ya safari ya kwanza, usibishane. Kasoro za Soarer ni tatu. Usukani uko kulia, na kupita lori la shaba kwenye barabara ya Likasi ukiwa upande huo kunahitaji abiria mwenye macho na anayekupenda. Viti vya nyuma vinatosha mfuko wa unga, mmoja. Na paa likiwa limekunjwa, buti inabaki na nafasi ya viatu.

Karatasi za nchi sitazirefusha: hati za forodha, karte roze (kadi ya gari) yenye jina la anayekuuzia, namba ya chasisi isomwe kwa kidole na si kwa macho. Umri wa gari na upande wa usukani vina kanuni zake. Uliza DGDA (forodha) na OCC (ofisi ya ukaguzi) kabla hujatuma pesa Japani, si gari likiwa limekwama Kasumbalesa.

Ukishalileta nyumbani, usiache kitu ndani. Kitambaa kinakatwa kwa wembe. Mimi silifungi kwa ufunguo ninapoegesha mjini: mwizi afungue mlango, aone hakuna kitu, aende zake na paa langu libaki zima. Gari la wazi limekuwa hivyo siku zote. Tarehe 29 Juni 1960, Léopoldville, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikuwa amesimama kwenye gari la wazi pamoja na Kasavubu, rais wa kwanza wa Kongo, na mtu mmoja, Ambroise Boimbo, akanyoosha mkono na kumchukulia upanga wake. Kama gari lingekuwa na paa, ile picha maarufu ya mpiga picha Robert Lebeck isingekuwepo.

Raba za milango zipake silikoni au gliserini kila mwezi wakati wa kiangazi, vaselini inaziozesha. Na barabara: hapa nazungumza kama mtu wa Pweto. Kutoka Lubumbashi hadi kwetu, kupitia Kasomeno na Kilwa, ni zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa ni udongo uliojikunja kama bati. Mtikisiko ule unaifanyia dekapotabo kwa siku moja yale ambayo mji unaifanyia kwa miaka mitano. Yangu haijawahi kuliona ziwa letu, Mweru, na haitaliona. Tunapanda Land Cruiser kama watu wengine.

Ila kila ninapokwenda Pweto ninarudi na kitu kimoja kwa ajili ya dekapotabo. Wavuvi wa kule wananiuzia mshipi wa nailoni, na huo ndio kifaa bora nilichopata cha kuzibulia matundu ya maji: unapita kwenye kona bila kutoboa bomba, tofauti na waya. Upepo wa kompresa usitumie, unalichomoa bomba ndani mahali usipoweza kuliona. Chukua mshipi mnene, wa samaki wakubwa, mwembamba unajikunja. Mita 3 zinatosha gari zima, na kazi yenyewe ifanywe mwisho wa Oktoba, mijakaranda ikishamaliza kumwaga maua.