Fundi wa Safari Ndefu

Eastlands ina mafundi wa kila aina, na wengi wao wana vibao. Ukifuata Jogoo Road utawaona: wa viatu, wa redio, wa kuchomelea milango, wa sare za shule. Ninayemzungumzia hapa hana kibao wala kibanda. Ni dereva mstaafu wa mabasi ya masafa marefu, anakaa Jericho, na mtaa mzima humwita Dere. Kazi yake siku hizi ni kupanga safari za wengine. Kwaya ikialikwa Moshi, vijana wakipata mechi Mombasa, familia ikipeleka mahari Bungoma, mwenyekiti wa kamati huambiwa aende kwa Dere, na asisahau kubeba daftari.

Mimi nilifika kwake nikimsindikiza shangazi yangu, mweka hazina wa chama cha akina mama wa Buruburu. Walikuwa wamechanga pole pole kwa nia moja: kwenda Dar es Salaam kwa barabara kupitia Mombasa, magari matatu, wenyewe kwa wenyewe, bila basi wala ndege. Shangazi alidhani atapewa orodha ya miji na kiasi cha petroli, kisha aage. Dere alimkaribisha, akaagiza chai, akamuuliza: "Mama, Dar mnataka kuingia saa ngapi?"

Nilifikiri anavunja barafu tu. Kumbe ndiyo kazi imeanza.

Watu wengi hupanga safari kuanzia wanapolala. Tutaamka saa kumi, tutatoka saa kumi na moja, halafu tutaona. Dere huanza kule kwenye mlango wa mwenyeji na kurudi nyuma. Alichora mstari mrefu katikati ya ukurasa, akaandika chini kabisa: Dar, saa kumi na moja jioni. Sababu ni kwamba jua la kule huzama baada ya saa kumi na mbili, na hataki mgeni atafute nyumba ya watu Sinza gizani, akiwa na madereva waliochoka. Kutoka Chalinze hadi Dar ni kama kilomita 105, lakini Mlandizi na Kibaha zina magari, kwa hiyo aliweka saa mbili na nusu. Basi Chalinze ni saa nane na nusu. Kutoka Segera hadi Chalinze ni saa tatu, mtoke Segera saa tano na nusu, na kabla ya hapo mkae dakika arubaini na tano mle na mjinyooshe. Kalamu ilizidi kupanda: Segera, Muheza, njia panda ya Tanga, Horohoro. Mpaka wenyewe aliupa saa moja na nusu. Ilipofika juu ya ukurasa ikawa wanatakiwa Lunga Lunga saa moja asubuhi.

"Sasa niambie, mama. Mtalala wapi?"

Shangazi alikuwa ameshaulizia vyumba kisiwani Mombasa, karibu na Mwembe Tayari. Dere alitikisa kichwa. Ukilala kisiwani, asubuhi yako iko mikononi mwa feri ya Likoni, au uzunguke Miritini ushike barabara mpya ya Dongo Kundu. Njia zote mbili zinapitika, ila zote zina siku zao. Akaandika Ukunda. Mkilala Ukunda, bahari iko nyuma yenu; mnatoka saa kumi na mbili kasorobo, kunapopambazuka, na Lunga Lunga mnafika pumzi haijawaisha. Ndipo nilipoelewa ninachokitazama. Kitanda cha Ijumaa usiku kilikuwa kimechaguliwa na giza la Jumamosi jioni, kama kilomita 500 mbele.

Kuna kijana alikuwa pale, dereva wa mathree za Kayole anayejifunza kazi hii kwa mzee. Akatoa simu, akaonyesha kwamba ramani ya Google inataja saa chache kuliko zile za daftarini. Dere hakuidharau simu. Huitumia kutazama foleni. "Lakini hiyo Google haiendi haja," alisema. "Haina kisukari, haina mtoto anayetapika, haisimamishwi na trafiki." Kisha akamwambia kijana afunge simu na ataje njia kwa mdomo kutoka Nairobi. Mlolongo. Athi River. Salama. Sultan Hamud. Emali. Makindu. Kibwezi. Mtito Andei. Kijana aliruka Manyani akaenda moja kwa moja Voi, akarudishwa mwanzo. Baada ya Voi kuna Maungu, Mackinnon Road, Taru, Samburu, Mariakani, Mazeras. Mzee anaamini kwamba dereva asiyejua kinachofuata huendesha kwa hofu, na mwenye hofu hupita lori mahali pasipofaa.

Safari ya Nairobi hadi Mombasa, ambayo watu wa mtaani huiona ndiyo kubwa, Dere aliimaliza kwa nusu ukurasa. Kila mtu ana mjomba anayeijua. Aliweka vituo viwili tu vya lazima: hekalu la Masingasinga pale Makindu, lililojengwa 1926, ambapo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila kulipishwa na kuachia sadaka akipenda, na Mtito Andei, karibu na nusu ya njia, ambapo dereva anabadilishwa. Anabadilishwa hata akiapa hajachoka. Hilo alilipigia mstari mara mbili.

Alichokaa nacho zaidi ni malori. Barabara ile ndiyo inayobeba mizigo ya bandari kwenda hadi Uganda na Kongo, na anayeisafiri kwa gari dogo ni mgeni nyumbani kwa watu. Lazima ajue lugha yao. Lori lililo mbele yako likiwasha taa ya upande wa kulia ilhali haliendi kulia, linakuambia kaa hapo hapo, kuna kitu kinakuja. Likiwasha ya kushoto, linakupa njia. Dere anataka dereva aipokee ishara hiyo kama ushauri tu, kisha atazame kwa macho yake. Na ukikuta matawi mabichi yametandazwa kwenye lami, usijiulize nani kayatupa. Kuna gari limekufa mbele, huenda halina taa hata moja. Matawi yakiwa makavu, gari hilo limeshinda hapo siku nzima na pengine kuna watu wamelala chini yake.

Magari yaliletwa Jumapili, baada ya misa: Noah mbili na Probox. Niliyakuta yameegeshwa kando ya barabara ya mtaa, Dere amechuchumaa na tochi mkononi, saa sita mchana. Alikuwa anasoma tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna kidude cha mviringo chenye tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Tairi yenye 2319 ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Noah ya kwanza ilikuwa na tairi nne zenye meno marefu, zinang'aa, mwenyewe anajisifu kwamba hazijakanyaga barabara. Dere alipiga magoti, akapitisha ukucha kwenye mikunjo karibu na rimu, akamwita mwenye gari. Mpira ulikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino cha mtu wa shamba. Meno hayajaliwa kwa sababu gari limekaa; lakini mpira huzeeka ukiwa umekaa vilevile. Kwa safari za sokoni zingetosha. Kwa lami ya Taru saa nane mchana, gari likiwa na watu saba na mizigo juu, alisema hapana, na hakupandisha sauti. Mwenye gari alinuna mpaka Jumatano, alipokwenda Kirinyaga Road kununua nyingine.

Kisha akaomba waliopo waingie garini, wote, na mabegi yao. Hapo ndipo alipopima upepo. Gari lililojaa linahitaji upepo zaidi ya gari tupu, na mara nyingi nimewaona watu wakianza safari na upepo wa gari lisilo na mtu.

Karatasi alizitenga katika bahasha, na hapa niliona uzoefu ambao huwezi kuupata kwa kusoma. Kuna kadi mbili za njano. Moja ni ya mtu, ya chanjo ya homa ya manjano. Nyingine ni ya gari, bima ya COMESA inayokufuata nje ya nchi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini bado inaitambua kadi hiyo. Watu huambiwa "usisahau kadi ya njano", wakabeba moja na kudhani wamemaliza. Dere huziandikia kwa kalamu nyekundu: njano ya damu, njano ya injini. Pasipoti, au kibali cha muda cha kusafiria kwa asiye nayo. Hati ya umiliki wa gari, na kama gari lina mkopo, barua ya mkopeshaji inayoruhusu livuke mpaka. Jina la kwenye hati likiwa la mume na mume hayupo safarini, barua yake pia. Kila gari na bahasha yake, na bahasha inakaa na abiria wa kiti cha mbele. Dereva hagusi karatasi.

Huyo wa kiti cha mbele ndiye Dere anayemchagua kwa uangalifu kuliko hata dereva. Awe msemaji, asiwe mwepesi wa kusinzia, na awe na ujasiri wa kumwambia dereva mkubwa kuliko yeye, "Baba, punguza." Ana hoja yake ya kihistoria kuhusu hili. Huwauliza vijana nani alishinda Safari Rally ya 1965, na kwa kuwa wakubwa wao wamewafundisha, wanajibu Joginder Singh, na Volvo yake iliyokuwa imeshatumika. Halafu anauliza nani alikuwa kando yake. Kimya. Ni Jaswant, nduguye. Dere anasema ushindi ule ulikuwa wa watu wawili na historia ya baa imebakiza mmoja, na sioni namna ya kumpinga.

Upande wa Tanzania, daftari lilijaa. Ukishavuka Horohoro, kila kijiji ni kibao cha 50, na ni 50 kweli, mpaka uone kibao kinachokifuta. Wakenya hukisoma kama pendekezo. Mbele kuna trafiki na kile kifaa cha kupima mwendo ambacho kule wanakiita tochi; faini ni shilingi 30,000 za huko kwa kosa, na ukipigwa mara tatu kabla ya Chalinze umekula bajeti ya samaki. Dere alipanga mwendo wa Segera hadi Chalinze kwa kuhesabu vijiji, ndiyo maana ile saa tatu yake haikubishaniwa na mtu aliyewahi kupita. Pembetatu mbili za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto viwe mahali mkono unafika, maana utaulizwa. Mifuko ya plastiki ibaki Buruburu. Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania ikafuata 2019, na chapati za safari zitafungwa kwa leso.

Petroli ana kanuni yake. Bei za Kenya hubadilika tarehe 15 ya kila mwezi, za Tanzania Jumatano ya kwanza. Kwa kuwa safari ilikuwa inaangukia baada ya zote mbili, aliahidi kusubiri matangazo ndipo aamue kama tangi zijazwe Ukunda au zivuke nusu na kujazwa Tanga. Shangazi, ambaye hesabu ndiyo maisha yake, alimtazama kwa heshima mpya.

Jambo la mwisho lilikuwa dawa. Alimwomba shangazi ampelekee kila mama kijikaratasi aandike, bila jina, anachomeza na saa anazomeza. Vilirudi vimekunjwa. Aliporudi kwenye mstari wake mrefu, vituo viwili vilisogea: kimoja kikaletwa karibu na saa mbili asubuhi, palepale mpakani, penye choo na maji, kingine kikaongezwa Muheza, ambapo machungwa yanauzwa kando ya barabara na hakuna atakayeuliza kwa nini wamesimama.

Alipomaliza alimpa shangazi sharti moja. Mwenyeji wa Dar, dada wa mmoja wao anayekaa Sinza, aambiwe wageni wanaingia Jumapili asubuhi. Jumamosi isitajwe kabisa. Mwenyeji anayejua saa hupika pilau kwa saa, akaanza kupiga simu: mko wapi, mmefika wapi, kinapoa. Simu ya nne inapokelewa na dereva mwenyewe, mahali kama Mkata, mkono mmoja kwenye usukani. Dere amewahi kuliona hilo likiishia mtaroni. Akina mama waliapa wote kwamba hawatasema. Tulipotoka Jericho, kabla hatujafika stejini, shangazi alikuwa ameshamtumia Sinza ujumbe wa sauti wa dakika tatu, wenye vituo vyote kwa mpangilio, pamoja na saa ya kuteleka mchele.