Kipenda Roho na Uhakiki: Orodha za Filamu Pendwa na Suala la Lugha

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili zinazohusu upendeleo, nazo hazipatani. Ya kwanza husema kwamba kipenda roho hula nyama mbichi: apendaye haulizwi sababu wala hana haja ya kujitetea. Ya pili husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza: ubora umo ndani ya kitu chenyewe, na mwenye macho atauona. Shabiki wa sinema anapoandika orodha ya filamu alizozipenda kuliko zote maishani mwake, husimama katikati ya methali hizi. Hudai kwamba anataja azipendazo tu. Na papo hapo hutaka wenziwe wakubali kwamba alizozitaja ni bora.

Orodha za namna hii aghalabu huchukuliwa kuwa ni mchezo wa barazani, usiostahili kutupiwa jicho na mhakiki. Makala hii inakusudia kuonyesha kinyume chake. Orodha ya filamu pendwa ni uhakiki, ingawa ni uhakiki uliofupishwa mno hata sababu zake zikapotea. Na katika yote yaliyopotea, linalowahusu zaidi wanazuoni wa lugha ni hili: mtazamaji aliielewa filamu yake kwa lugha gani?

Orodha ya London

Orodha mashuhuri kuliko zote ni ile inayokusanywa na jarida la Sight and Sound, la Taasisi ya Filamu ya Uingereza, kila baada ya miaka kumi tangu 1952. Kila mhakiki hutaja filamu kumi, kisha kura huhesabiwa. Katika mwaka huo wa kwanza iliyoongoza ni Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, filamu ya Kiitalia ya mwaka 1948, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Kuanzia 1962 hadi 2002, mara tano mfululizo, nafasi ya kwanza ilishikwa na Citizen Kane ya Orson Welles (1941). Filamu hiyo hiyo haikuwamo hata katika kumi za kwanza mwaka 1952. Mwaka 2012 iliondolewa na Vertigo ya Alfred Hitchcock (1958), na mwaka 2022 ikaja zamu ya Jeanne Dielman, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles (1975), kazi ya Chantal Akerman wa Ubelgiji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa filamu iliyoongozwa na mwanamke kushika nafasi hiyo.

Katika miaka yote hiyo filamu zenyewe hazikubadilika hata picha moja. Kilichobadilika ni jicho. Jeanne Dielman huchukua zaidi ya saa tatu kumwonyesha mjane akimenya viazi, akitandika kitanda, akipika na kumsubiri mwanawe kwa muda wa siku tatu. Ili mtazamaji aone kwamba katika kumenya viazi mna mkasa, sharti kwanza awe amekubali kwamba kazi ya mwanamke nyumbani ni kazi, na kwamba mtu aweza kuvunjika kwa kuirudia. Kadhalika wapigaji kura walibadilika: wahakiki 846 walishiriki mwaka 2012, na 1,639 mwaka 2022. Hapa methali ya pili yapata dosari yake ya kwanza. Chema hakijiuzi, huuzwa mbele ya wanunuzi waliolelewa kukitambua.

Dosari ya pili yahusu upatikanaji. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal ilitengenezwa mwaka 1973. Nakala yake ilifanyiwa ukarabati mwaka 2008 na shirika lililoanzishwa na Martin Scorsese kwa ajili ya kuhifadhi sinema za dunia. Mwaka 2012 filamu hiyo ilikuwamo katika mia za kwanza, na mwaka 2022 ilipanda hadi nafasi ya 66. Haiwezi kusemwa kwamba ukarabati ndio ulioipa ubora, kwa kuwa ubora ulikuwamo tangu hapo. Ila ni dhahiri kwamba hakuna mtu awezaye kuipenda filamu ambayo hajapata kuiona. Kila orodha, kabla ya kuwa kumbukumbu ya mapenzi, ni kumbukumbu ya milango iliyokuwa wazi.

Sembène na sauti ya Diouana

Katika orodha hiyo ya 2022 imo pia La Noire de... ya Ousmane Sembène (1966), ikiwa miongoni mwa filamu zilizofungana katika nafasi ya 95. Diouana, msichana wa Dakar, anapelekwa Antibes, Ufaransa, na waajiri wake. Huko anajikuta mfungwa wa jikoni. Barua inapokuja kutoka kwa mamake, hawezi kuisoma. Mwajiri humsomea, kisha huanza kumwandikia jibu ambalo yeye hakulitamka. Diouana huichana barua. Mwishowe hujiua.

Filamu hii yastahili sifa zote inazopewa. Hata hivyo yafaa kuuliza swali ambalo kura haliulizi. Mawazo ya Diouana, ambayo mtazamaji huyasikia tangu mwanzo hadi mwisho, yamo katika Kifaransa fasaha, na hata sauti inayoyatamka si ya mwigizaji aonekanaye. Msichana asiyeweza kuisoma lugha ya waajiri wake anawaza kwa lugha hiyo hiyo. Mgongano huo waweza kusomwa kwa njia mbili. Waweza kuwa ni kielelezo cha kunyang'anywa ulimi, kinachoafikiana na tukio la barua. Au waweza kuwa ni dalili ya masharti ambayo msanii wa Kiafrika alifanyia kazi wakati huo.

Jibu la Sembène mwenyewe laonekana katika filamu yake iliyofuata, Mandabi (1968), ambayo wahusika wake husema Kiwolofu. Ibrahima Dieng anapelekewa hundi ya posta na mpwawe aliyeko Paris. Hawezi kuilipwa, kwa sababu hana kitambulisho. Na kila afisi anayoiendea humtaka karatasi nyingine, iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Mkasa wake wote ni mkasa wa maandishi ya kigeni kuutawala mdomo wa wenyeji. Sembène, aliyekwisha kujipatia jina kama mwandishi wa riwaya za Kifaransa, aliigeukia sinema ili awafikie wananchi wake ambao vitabu vyake havikuwafikia. Mandabi ndiyo iliyotimiza nia hiyo kwa lugha. Lakini haimo katika mia za London. Si lazima kudai kwamba wapigaji kura walikosea. Yatosha kuona kwamba orodha isiyotaja sababu haiwezi kuonyesha kama jambo hili la lugha lilipimwa na kukataliwa, au halikupimwa kamwe.

Awara pwani ya Afrika Mashariki

Katika mia hizo za 2022 hamna filamu hata moja ya Kihindi. Bara Hindi lawakilishwa na Pather Panchali ya Satyajit Ray (1955), ambayo ni ya Kibengali. Mtu aliyekulia Unguja, Mombasa au Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na 1960 angeandika orodha nyingine kabisa. Laura Fair, aliyechapisha mwaka 2018 kitabu juu ya majumba ya sinema na watazamaji wake Tanzania, ameonyesha jinsi filamu za Kihindi zilivyopendwa, na jinsi Awara ya Raj Kapoor (1951) ilivyobaki katika kumbukumbu za waliokuwa vijana wakati huo. Nyimbo za filamu za namna hii nazo ziliingia katika taarabu, zikatiwa maneno ya Kiswahili.

Upendo huu hauwezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba watu walifurahia ngoma na mavazi. Awara ni filamu yenye hoja. Hakimu Raghunath huamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Humfukuza mkewe mja mzito kwa kumshuku, na mwanawe Raj hulelewa na umaskini na jambazi Jagga, hata akawa mwizi kweli. Mwishoni kijana husimama kizimbani na kumshtaki baba aliyemfanya alivyo. Kwa Mswahili hoja hii haikuhitaji mkalimani, kwa maana ilishambulia ana kwa ana methali aijuayo tangu utotoni, kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Katika jamii iliyopima watu kwa nasaba, kabila na rangi chini ya ukoloni, filamu iliyosema kwamba malezi na dhiki ndivyo vimfanyavyo mtu haikuwa burudani tupu.

Watazamaji hao wengi hawakujua Kihindi. Bila shaka kuna waliyoyakosa. Kufukuzwa kwa mke mja mzito kwa sababu ya shuku humkumbusha mtazamaji wa Kihindi kisa cha Sita katika Ramayana, na mwangwi huo haukuwafikia wote. Lakini mahali pa mwangwi uliopotea paliingia mwingine, wa methali na wa maisha ya mitaani. Filamu iliyopendwa Unguja, basi, haikuwa sawasawa na ile iliyopendwa Bombay, ingawa mkanda ulikuwa mmoja. Hili ni jambo la tafsiri, na wanaisimu ndio wenye zana za kulichunguza.

Msimulizi na kazi ya pili

Suala hili halikuishia katika enzi ya majumba makubwa. Katika vibanda vya video vya Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nchini Kenya DJ Afro amefanya kazi kama hiyo kwa lugha ya mitaani. Msimulizi wa aina hii si mfasiri mtiifu. Huwabatiza wahusika majina mapya, huwakejeli, hueleza mila za kigeni kwa mifano ya nyumbani, na aghalabu hulijaza pengo la kimya ambalo mwongozaji aliliacha kwa makusudi. Shabiki aliyeiona filamu ya Hong Kong kwa njia hii, akaitia katika orodha yake, ameipenda kazi ya nani? Jibu la haki ni kwamba amependa kazi mbili zilizoshonwa pamoja. Mhakiki anayeitaja ile ya kwanza peke yake ameisahau sanaa ya masimulizi, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na taaluma yake.

Mapenzi na hukumu

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba kumdai shabiki sababu ni kumwua ladha. Lakini Waswahili hao hao husema kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Awara yenyewe ina chongo yake. Raj humpiga Rita kofi kwa sababu amemwita mshenzi, na filamu hulihesabu tendo hilo kuwa sehemu ya mapenzi yao, ilhali Rita huyo huyo ni mwanasheria ambaye baadaye ataongoza utetezi wake. Filamu inayomtetea mtoto dhidi ya dhuluma ya nasaba haikumtetea mwanamke dhidi ya mkono wa mpenzi wake. Shabiki aweza kuendelea kuipenda. Ila akinyamaza juu ya kofi hilo, orodha yake imekuwa wakili badala ya hakimu.

Aidha, sababu hazikuwahi kumdhuru apendaye kwa dhati. Satyajit Ray aliiona Ladri di biciclette mjini London mwaka 1950, alipokuwa mfanyakazi wa kampuni ya matangazo ya biashara. Hakutosheka kuipenda. Alijiuliza imetengenezwaje: kwa mitaa halisi na kwa watu wasio waigizaji wa kazi. Jibu lake likawa Pather Panchali. Mapenzi yaliyohojiwa ndiyo yaliyozaa.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba orodha ya filamu pendwa hubeba hukumu, na kwamba hukumu hiyo hutegemea jicho la zama, mlango uliokuwa wazi, na lugha iliyosikika. Mambo hayo matatu hayaonekani katika hesabu ya kura. Kwa hiyo orodha yenye manufaa kwa mwanafunzi wa lugha ni ile itajayo, mbele ya kila filamu, mahali ilipoonwa, lugha iliyoeleweka, na sababu ya kupendwa kwake. Idara za lugha za Afrika Mashariki zina wajibu wa kukusanya orodha za namna hiyo kutoka kwa wazee ambao bado wakumbuka Awara, kabla ya kumbukumbu hizo kufukiwa nao. Zina wajibu pia wa kuzihakiki kwa Kiswahili filamu zinazosema Kiswahili, tangu Arusi ya Mariamu (1985) hadi Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Mswahili azitazamapo filamu hizi hahitaji maandishi chini ya picha, wala msimulizi kando yake. Kama hata hizo zitapendwa bila kuelezwa kwa nini, basi kosa halitakuwa tena la London.