Asili na Maana ya Tusi la Kiingereza "Bugger"

Wachunguzi wa asili ya maneno aghalabu huyapita matusi kimya kimya, kana kwamba lugha ya adabu peke yake ndiyo yenye historia. Neno bugger ladhihirisha hasara ya kuona haya huko.

Chimbuko lake ni jina la taifa. Katika karne ya 10 palizuka huko Bulgaria madhehebu ya Wabogomili, walioshikilia kwamba ulimwengu huu wa mwili ni kazi ya Ibilisi. Mafundisho ya namna hiyo yakashika kusini mwa Ufaransa, ambako Wakathari walipigwa vita vya msalaba kuanzia 1209. Bulgarus ya Kilatini, yaani Mbulgaria, ikawa bougre katika Kifaransa, maana yake mzushi wa dini. Kwa vile wazushi hao waliushutumu uzazi, mahasimu wao waliwasingizia ulawiti. Na ni singizio hilo, wala si itikadi yao, lililodumu katika Kiingereza. Sheria ya Henry VIII ya 1533 iliufanya ulawiti, kwa jina litokanalo na neno hilo, kuwa kosa la kunyongwa, adhabu iliyofutwa 1861.

La kustaajabisha ni kwamba neno lenye historia ya damu kiasi hicho limelegea. Mzee wa kaskazini mwa Uingereza amwitapo rafikiye "poor old bugger" hamtukani, bali anamsikitikia. Hata bougre ya Kifaransa leo ni "jamaa" tu.

Kafiri nalo ni neno la dini, na katika Kiswahili lingali hivyo. Lakini lilipofika kusini mwa Afrika na kukaa vinywani mwa walowezi, lilikuwa tusi la rangi ambalo mazoea hayakulilainisha kamwe. Bugger waliitana walio sawa. Kafiri aliitwa mtu asiyeruhusiwa kujibu.

Kwa hiyo mfasiri aandikaye "mlawiti" kila akutanapo na bugger hufasiri kamusi, hafasiri mazungumzo. "Mwanaharamu" ni kosa baya zaidi, kwani humwingiza mama wa mtu katika ugomvi usiomhusu. Penye hasira, "baradhuli" lakaribia. Penye huruma, "maskini wa Mungu". Na mtu aangushapo kikombe akalitamka peke yake, "Ala!" yatosha.