Kasoro ya “Wavu wa Usalama”

Istilahi “wavu wa usalama”, yaani wavu unaotandazwa chini ya wajenzi wafanyao kazi juu, ni tafsiri sisisi. Inaahidi matokeo bila kutaja kazi. Lilipokuwa likijengwa daraja la Golden Gate, Marekani, wavu uliwadaka watu 19 wakanusurika. Lakini tarehe 17 Februari, 1937 jukwaa zito liliuangukia, ukachanika, wakafa watu 10. “Wavu wa kudakia” lingekuwa jina la kweli zaidi.

Neno “wavu” lenyewe halina taabu. Mvuvi wa Miburani, kisiwani Mafia, akilisikia huona mara moja macho yake na kamba ya ukingoni. Taabu imo katika “kutunza”. Kwa mvuvi huyo wavu uliochanika hushonwa, ukarudi baharini. Samaki wakiponyoka si msiba. Wavu uliokwisha kumdaka mtu hauna budi kushushwa na kukaguliwa na mjuzi, hata usipoonyesha tundu. Tena nyuzi za nailoni huliwa na jua kimyakimya. Basi mwongozo utaje “kushusha”, “kukagua” na “kutupa”, kwani “kutunza” pekee humwachia msimamizi nafasi ya kushona tu.