Sauti Kubwa Si Sauti Nzuri: Ulinganisho wa Vichwa Vitatu vya Amplifaya ya Gitaa la Besi

Utangulizi

Waswahili husema debe tupu haliachi kuvuma. Nilijifunza methali hii nikiwa mwaka wa kwanza wa masomo ya Kiswahili hapa Kampala. Niliiandika katika daftari, nikaieleza katika mtihani, nikapewa alama zote. Hata hivyo, sikuielewa mpaka siku niliyomshauri mtu auze chombo kizuri kwa sababu tu chombo kingine kilikuwa kinavuma zaidi. Makala haya yanahusu kosa hilo.

Mwishoni mwa wiki mimi hufanya kazi katika duka linalokodisha vyombo vya muziki kwa ajili ya harusi na ibada. Pia hupiga gitaa la besi katika kwaya. Mwaka jana mwenye duka, ambaye sote tunamwita Mzee, alihitaji fedha akaamua kuuza kimoja kati ya vichwa vyake vitatu vya amplifaya ya besi. Aliniambia, "Kijana, wewe ndiye mpigaji, tena unasomea uhakiki. Visikilize vyote vitatu, uniambie kipi hakitufai." Nilisikiliza kwa nusu saa, nikatoa hukumu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba hukumu ile haikuwa ya ladha ya sauti bali ya ukubwa wa sauti, na kwamba wapigaji wengi wanaolinganisha vichwa hivi huingia katika mtego huohuo bila kujua.

Ninatumia neno "ladha" kwa makusudi. Neno "toni" sisi wanafunzi wa isimu tumekwisha kulipa kazi nyingine. Kwa "ladha ya sauti" nina maana ya ile sifa inayotuwezesha kutofautisha zeze na filimbi hata zikitoa noti moja kwa ukubwa uleule.

Kichwa ni nini?

Kichwa cha amplifaya ni sanduku lisilo na spika. Ndani yake mna sehemu mbili. Ya kwanza hupokea mkondo dhaifu kutoka kwenye gitaa na kuurekebisha kwa nobu, yaani vile vifundo vya kuzungusha: cha sauti za chini, cha sauti za kati na cha sauti za juu. Sehemu ya pili huupa mkondo huo nguvu ya kusukuma spika, ambazo zimo katika kasha lake peke yake.

Waya nene kuliko zote za gitaa la besi, yaani E, hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde. Spika nyingi za besi haziwezi kuitoa sauti hiyo kwa nguvu ya kutosha. Tunachokisikia zaidi ni watoto wake, wanaotikisika mara 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo wetu humjazia mama yao. Kwa hiyo kichwa kinachowalisha watoto hao vizuri kitasikika kizito hata kama mama mwenyewe ni hafifu. Ladha ya kichwa cha besi imo kwa kiasi kikubwa katika malezi ya watoto hao.

Vichwa vitatu

Cha kwanza ni Ampeg SVT. Aina hii ilitolewa Marekani mwaka 1969, na mwaka huohuo Rolling Stones waliitumia katika ziara yao ya huko, kwa besi na kwa magitaa mengine pia. Ni kichwa cha valvu 14 na wati 300, na uzito wake unazidi kilo 35. Dukani kwetu hubebwa na vijana wawili, nao hukibeba wakinung'unika.

Valvu zina tabia moja inayopendwa na wapigaji. Zinapokaribia kikomo cha nguvu zake hazikati sauti ghafla. Huibana kidogo kidogo, na kilele cha wimbi huviringika badala ya kukatika. Mkono ukigonga waya kwa nguvu zaidi, sauti haiongezeki sana, bali huvimba na kuongeza watoto wengi. Tena amplifaya ya valvu haiishiki spika kwa nguvu kama ile ya transista, hivyo spika huachiwa nafasi ya kuyumba kidogo. Ndiyo sababu besi ya SVT husikika pana na laini ukingoni.

Cha pili ni Gallien-Krueger 800RB, cha California, cha miaka ya 1980. Hiki ni cha transista. Kina sehemu mbili za nguvu, wati 300 kwa ajili ya chini na wati 100 kwa ajili ya juu, na mtu mmoja hukibeba bila taabu. Duff McKagan wa Guns N' Roses ni miongoni mwa wapigaji waliokipa umaarufu. Transista huikamata spika imara: ikisema nenda, inakwenda, ikisema simama, inasimama. Noti huanza kwa kishindo kikavu na kuisha mahali unapotaka iishe. Lakini ikivuka kikomo chake, kilele cha wimbi hukatwa kama kwa kisu, na sikio hulalamika.

Cha tatu ni Aguilar Tone Hammer 500, cha New York. Hiki ni cha kizazi cha daraja D. Humo transista hazisukumi mkondo mfululizo, bali hufunguka na kufunga mara laki kadhaa kwa sekunde, kisha kichujio huurudisha mkondo uliokatwakatwa katika umbo la wimbi la muziki. Kwa kuwa nguvu kidogo tu hupotea kama joto, hakihitaji vyuma vizito vya kupozea. Kinatoa wati 500 na hakifiki kilo 2. Unakitia katika mkoba wa vitabu na kupanda bodaboda.

Jaribio la kwanza na kosa lake

Siku ya kwanza niliunganisha kila kichwa na kasha lilelile la spika, nikatumia gitaa lilelile, nikaelekeza nobu zote juu kama mshale wa saa sita. Nilidhani huo ndio uadilifu. Nilipiga mistari miwili mitatu ya rumba ya Kikongo, kwa sababu ndiyo inayoombwa zaidi harusini, na kisha nikaandika.

Kuhusu Tone Hammer niliandika: imejaa, ina chini ya kutosha, kila noti iko wazi. Kuhusu 800RB: safi, ina makali, iko karibu na ya kwanza. Kuhusu SVT: hafifu, kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Nikamwambia Mzee kwamba SVT ni jina kubwa tu na kinavunja migongo ya vijana bure. Vijana wa kubeba walinipigia makofi. Jumatatu yake Mzee alipata mnunuzi, akapokea malipo ya awali.

Rafiki ninayekaa naye hosteli anasoma fizikia. Nilipomsimulia, aliniuliza neno moja tu: "Ulipima?" Sikuwa nimepima chochote. Akanieleza kwamba nobu ya kichwa kimoja ikiwa saa sita, na ya kingine ikiwa saa sita, hazisemi jambo moja. Kila mtengenezaji ana saa yake.

Akanieleza pia kuhusu Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani waliochapisha mwaka 1933 matokeo ya kupima usikivu wa binadamu. Sikio letu ni zito kwa sauti za chini. Muziki ukiwa mdogo, besi ndiyo hutoweka kwanza. Ukiongezwa kidogo, besi hupanda katika masikio yetu haraka kuliko sauti za kati. Maana yake ni kwamba kichwa kilichozidi kingine kwa ukubwa mdogo tu hakisikiki kama kikubwa zaidi. Husikika kama kina besi nono na kilichonyooka zaidi. Tunadhani tumeonja ladha, kumbe tumeongezewa kipimo.

Wati nazo hutudanganya. Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu. Kutoka wati 300 hadi 500 ni desibeli 2 na kidogo. Hivyo namba 500 iliyoandikwa kwenye sanduku haikuwa sababu ya Tone Hammer kunishinda akili. Sababu ilikuwa nobu.

Jaribio la pili

Mnunuzi angekuja kukichukua SVT Jumamosi. Siku ya Ijumaa tulirudi dukani na mita ya kupimia umeme. Kwanza tulipitisha katika kila kichwa mlio mmoja wa hezi 100 kutoka kwenye simu, tukapima volti zinazofika kwenye spika. Tulikuwa waangalifu spika isichomolewe SVT kikiwa kimewashwa, kwa kuwa kichwa cha valvu kisicho na spika kinaweza kuunguza transfoma yake. Nobu zikiwa palepale pa saa sita, Tone Hammer ilitoa volti karibu mara moja na nusu ya zile za SVT. Hiyo ni tofauti ya kama desibeli 3 na nusu. Blanketi langu lilikuwa hilo.

Tulivisawazisha vyote kwenye volti 4. Nilirekodi mstari mmoja katika pedali inayorudia mapigo, ili mkono wangu usiweze kupendelea. Kisha nikageukia ukuta, na rafiki yangu akawa anabadilisha vichwa kwa mpangilio aliokuwa ameuandika bila kunionyesha. Katika mizunguko 12 nilikitambua kichwa kwa usahihi mara 5. Mtu anayebahatisha tu kati ya vitatu angetarajia kupatia mara 4. Mimi niliyekuwa nimetoa hukumu ya kuuza sikuwa mbali na mtu wa kubahatisha. Ni kweli kwamba kubadilisha nyaya kulichukua muda, na kumbukumbu ya sikio ni fupi. Lakini jaribio langu la kwanza lilikuwa na udhaifu huohuo, na halikunizuia kusema kwa kujiamini.

Baadaye tulipandisha hadi volti 20, ambazo kwa kasha letu la omu 4 ni wati 100, na vishindo vya mkono hupita hapo kwa mbali. Hapo mambo yalibadilika. SVT nilikitambua kila mara. Noti ndefu ilivimba, ikasimama, kisha ikafifia polepole, na vishindo vya mkono vikawa kama vimefungwa pamoja kwa kitambaa. Viwili vile vingine niliendelea kuvichanganya: 800RB kilikuwa kikavu kidogo mwanzoni mwa noti, Tone Hammer laini kidogo juu, lakini mara nyingi nilikosea. Jirani alimtuma mtoto kutuomba tupunguze, nasi tukapunguza.

Kuna methali nyingine isemayo ngoma ikilia sana hupasuka. Sisi huifundisha kama onyo. Kwa kichwa cha valvu, ladha yenyewe imo katika ule ukaribu wa kupasuka, pale ambapo ngoma imelia sana na bado haijapasuka. Mtu anayekipima kwa sauti ya chumbani hajakipima.

Lugha ya kuhakiki sauti

Nilipoyasoma tena maandishi yangu ya siku ya kwanza niliona tatizo la pili, nalo ni la fani yetu. Maneno "imejaa", "hafifu" na "wazi" hayakueleza sauti. Yalieleza furaha yangu. Mhakiki wa riwaya akiandika tu kwamba kitabu ni kitamu, mwalimu humrudishia kazi.

Kiswahili hakikosi maneno ya kufanyia kazi hii. Tunaweza kusema sauti ni kavu au ina unyevu, kwa kutazama jinsi noti inavyoisha. Ni nene au nyembamba, kwa kutazama wingi wa watoto wake. Ina ukali au imeviringika, kwa kutazama mwanzo wake. Inastahimili au inakatika, kwa kutazama inavyofanya ikilemewa. Kila jozi humlazimisha mhakiki aelekeze sikio mahali fulani, na msomaji anaweza kwenda palepale kuhakikisha. "Nzuri" haina mahali.

Hitimisho

Siku ileile jioni nilimweleza Mzee. Nilimwambia kwamba kama lengo ni kubaki na vichwa viwili, kilichofaa kuuzwa ni kimoja kati ya vile vinavyofanana, si kile pekee chenye tabia yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, nimekwisha pokea fedha ya mtu." Jumamosi SVT kiliondoka, na mimi ndiye niliyesaidia kukiinua hadi kwenye gari.

Sisemi kwamba duka limeharibikiwa. Kwa harusi za hemani Tone Hammer inatosha kabisa, na hakuna anayenung'unika tena. Pengine Mzee angekiuza SVT hata kama ningesema kweli, kwa sababu ya uzito. Lakini hiyo ingekuwa sababu ya uzito, naye angejua anaachana na nini. Mimi nilimpa sababu ya uongo kwa jina la uhakiki.

Kwa atakayelinganisha vichwa, napendekeza mambo matatu: asawazishe volti kabla ya kusikiliza, avisikilize kwa sauti ndogo na kwa sauti kubwa ya kazini, na asijue kipi kinalia. Kwa wenzangu wa idara, ninaacha swali. Tunapolinganisha washairi wawili, mmoja aliyechapishwa na kutahiniwa kila mwaka na mwingine asiyejulikana, nobu zetu tumeziweka wapi?