Ladha ya Mwendelezo: Return of the Jedi na Msimulizi wa Filamu wa Kariakoo

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuiuliza kazi ya mapambano swali moja: ina dhamira gani? Swali hilo waliulizwa Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na kwa kuwa jibu halikuwaridhisha wahakiki wengi, kazi hizo zilitiwa katika kapu la fasihi pendwa na kuachwa humo. Sinema za vita vya angani hazikufika hata kwenye kapu hilo. Makala haya yanaichukua filamu moja ya aina hiyo, Return of the Jedi (1983), iliyoongozwa na Richard Marquand, na kuuliza swali jingine: raha ya mtazamaji wa filamu ya mwendelezo hutoka wapi, na hupata nini au hupoteza nini inapopita katika kinywa cha msimulizi wa filamu wa Kariakoo?

Filamu hii ni ya tatu, baada ya Star Wars (1977) na The Empire Strikes Back (1980). Adui anajenga upya kituo cha kivita kilekile kilichoteketezwa katika filamu ya kwanza. Wako walioona hapo uvivu wa ubunifu. Lakini urudufu peke yake si kosa. Fisi wa ngano hudanganywa kila usiku na hadhira haidai fisi mpya. Waliousikiliza Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka 1728, hawakuwa na shaka ni jeshi lipi litashinda. Kinachopaswa kupimwa ni jinsi tukio linalorudiwa linavyobadilishwa. Mwaka 1977 kituo kililipuliwa na rubani mmoja, Luke, aliyekuwa ndiye stelingi. Mwaka 1983 Luke hayumo kabisa katika vita vya angani. Yuko katika chumba cha Mfalme Mkuu, ana kwa ana na baba yake. Anayeongoza shambulio ni Lando Calrissian, mtu aliyewasaliti marafiki zake katika filamu iliyotangulia.

Hapo ndipo mwendelezo unapolipa. Kituo kinalindwa na kinga inayotoka katika mwezi wa Endor, na wenzao walioshuka huko hawajafanikiwa kuizima. Vyombo vinafika, vinakuta mlango umefungwa na adui amewazunguka. Lando anakataa kurudi nyuma. Anawasogeza wenzake hadi karibu na manowari za adui ili kununua muda. Kwa hiyo mapambano haya yenye kasi yote ile yamejengwa juu ya kusubiri. Mtazamaji anayeikumbuka filamu ya 1980 anamtazama Lando kwa jicho moja la wasiwasi: safari hii atasimama? Kadhalika ahadi aliyompa Han Solo kwamba chombo alichoazimwa hakitapata hata mkwaruzo. Ndani ya handaki la kituo antena ya chombo inang'oka. Mgeni huona chuma kimevunjika. Mwenyeji hucheka.

Si kila urithi umetumiwa vizuri. Boba Fett, mwindaji aliyetishwa nasi kwa filamu nzima, anaangushwa kwa bahati mbaya na mtu ambaye macho yake hayajarudi sawasawa. Ni sawa na kuweka akiba miaka mitatu na kuimaliza kwa soda. Viumbe wa msituni wenye sura ya dubu nao wanachukua nafasi kubwa kuliko uzito wao.

Sasa tuingie katika chumba cha rubani. Pembeni mwa Lando ameketi Nien Nunb, rubani msaidizi mwenye mashavu yanayoning'inia. Lando anasema Kiingereza. Nien Nunb anajibu kwa Kikuyu na Kikalenjini. Sauti hiyo ilitolewa na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani. Maneno ya Jabba yamewekewa maandishi ya tafsiri chini ya picha. Ya Nien Nunb hayakuwekewa. Kwa mtazamaji wa London au Chicago, sauti hiyo ni pambo la ugeni. Kwa mtu wa Murang'a ni maneno. Hata hivyo Lando anamwelewa mwenzake bila kigugumizi, na kituo kinalipuliwa na watu wawili ambao kila mmoja anasema lugha yake. Sijui kama watengenezaji walikusudia hivyo, wala uhakiki haulazimiki kuwasubiri. Filamu imekwisha kulisema.

Dar es Salaam ilipata namna yake ya kuzitazama filamu za kigeni. Zamani mtu wa mjini alikwenda Avalon, Empire, Empress au Odeon, mwendo mfupi kutoka Magogoni. Video ilipoenea, picha zilihamia kwenye vibanda, yale mabanda ya mabenchi magumu ambayo watazamaji wenyewe wameyaita vibanda umiza, na pamoja nayo akatokea msimulizi: mtu anayeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu, ama papo hapo kwa kipaza sauti, ama kwenye kanda na diski. Maarufu kuliko wote alikuwa marehemu Lufufu. Mwanaanthropolojia Matthias Krings aliipa makala yake juu ya sanaa hii anwani inayozungumzia kuugeuza wali kuwa pilau, na tashbihi hiyo ni sahihi. Msimulizi hatafsiri sentensi kwa sentensi. Anaongeza viungo: anamtania adui, anatia methali, anamwonya stelingi.

Kwa filamu ya mwendelezo kazi yake ina thamani ya pekee. Aliyeingia kibandani leo bila kuona sehemu mbili za mwanzo anaambiwa, kwa pumzi moja, kwamba huyu ndiye aliyewauza wenzake, mtazameni vizuri. Mgeni anafanywa mwenyeji. Fanani wa fasihi simulizi amefanya kazi hiyo tangu zamani, na ajabu ni kwamba wahakiki wanaomsifu fanani kijijini humpita akiwa kando ya televisheni mtaani.

Lakini pilau nayo hufunika ladha ya mchele. Sauti ya msimulizi ikilala juu ya filamu nzima, wote huwa Waswahili: Lando, Mfalme Mkuu, hata Nien Nunb. Kwa Lando hakuna hasara. Kwa Nien Nunb, msimulizi wa Afrika Mashariki anajikuta akiifuta sauti ya Afrika Mashariki iliyokuwa imekwisha kufika angani kabla yake, na anaifuta kwa nia njema ya kutuletea filamu karibu. Dawa ni ndogo: kunyamaza kwa sekunde chache wakati rubani msaidizi anapojibu, kisha kuendelea. Kariakoo ni soko linalopokea wanunuzi kutoka Kenya, Uganda, Kongo na Zambia. Si busara kudhani kwamba katika benchi lile hakuna hata mmoja anayeielewa sauti hiyo.