Namna ya Kumjua Kambisti Mwenye Kapitali Yake

Mgeni wa Lubumbashi humchagua kambisti, yaani mbadilisha fedha wa barabarani, kwa macho: anamwendea yule ambaye meza yake imejaa mafungu ya falanga. Hapo amekosea. Fungu la noti 100 za falanga 500 ni nene kama tofali, lakini lina falanga 50,000 tu, na tuseme kwa bei ya 2,500 kwa dola, hizo ni dola 20. Kabla ya Julai 2012, Benki Kuu ya Kongo ilipotoa noti za 1,000, 5,000, 10,000 na 20,000, noti ya 500 ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na mwenye kubadilisha dola 200 alihitaji mfuko wa kubebea. Enzi hizo wingi wa mafungu ulikuwa na maana kidogo. Leo ni pambo la meza.

Tazama mikono. Kambisti anayeijua kazi huhesabu mara mbili akiwa kimya, anakupa fungu ulihesabu mwenyewe, na dola yako haiingii mfukoni mwake mpaka umemaliza. Noti ya dola mia huikuna kwa ukucha kwenye kola ya koti la Franklin, akaiinua kwenye mwanga atafute sura iliyofichwa ndani ya karatasi, kisha akapitisha kidole kwenye kingo. Kingo ndizo zenye ugomvi, kwa kuwa dola iliyochanika hata kidogo Wakongo wanaikwepa. Anayejifunza kazi huikataa papo hapo. Mwenye ujasiri wa bure huipokea kwa bei kamili ili mteja asiende kwa jirani. Fundi anajua tayari nani ataipokea kwake na kwa bei gani, anakutajia punguzo, na ukikataa anakurudishia noti yako bila kinyongo.

Uangalifu huo una hesabu yake. Tuseme ananunua dola kwa 2,480 na kuiuza kwa 2,500. Noti ya mia inamwachia falanga 2,000, hata dola moja haitimii. Ikimponyoka noti moja ya bandia, amepoteza 248,000, na itambidi abadilishe noti nyingine 124 za mia ndipo arudi pale alipokuwa. Kwa hiyo anayeanza kazi hukaa na dola 5, 10 na 20 za akina mama wa sokoni, hata kama vijana wa meza ya pili wanamcheka. Hajifunzi kuhesabu pale. Anajifunza kukosea kwa bei nafuu.

Nimeona watu wakishangaa nikisema kwamba sheria iliyoandikwa vizuri kuliko zote juu ya jambo hili la kukosea kwa bei nafuu nimeikuta kwenye poka ya mtandaoni. Chris Ferguson, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa mchezo huo mwaka 2000, alianza mwaka 2006 bila hata senti, kwa mashindano ya bure, na mwaka 2007 akafikisha dola 10,000. Isipokuwa kwenye meza ndogo kabisa, hakukaa mezani na zaidi ya asilimia 5 ya kapitali yake. Na fedha zake za pale mezani zikizidi asilimia 10 ya mali yote, hata kama anashinda, aliinuka akaondoka. Kapitali ikipungua, asilimia 5 yake nayo inapungua, kwa hiyo sheria yenyewe inamrudisha kwenye meza ndogo bila kumuuliza anajisikiaje.

Kambisti naye anacheza, ila mchezo wake si ule wa mchana. Anapobadilisha, ni biashara. Anacheza usiku, maana kila jioni lazima aamue analala na dola au analala na falanga. Falanga ilipozaliwa mwaka 1998, dola moja haikufika falanga 2. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,700. Kizazi kizima kilifundishwa na namba hizo kwamba dola haishuki. Halafu mwaka 2025 dola ikateremka kutoka juu ya 2,800 hadi chini ya 2,500 kwa majuma machache, na aliyelala na dola za mkopo aliamka na deni ambalo mali iliyobaki haikulitosha.

Basi mwendee jioni, karibu na saa ya kufunga, umsikilize bei yake. Ikiwa dola zimemjaa, fundi hushusha kidogo bei ya kununua na kukuuzia kwa urahisi, kwa sababu anataka kulala na pande zote mbili. Asiyejua anang'ang'ania bei ya asubuhi na kukueleza kesho itakuwaje. Kadiri anavyokueleza kesho kwa uhakika, ndivyo mimi ninavyosogea pembeni. Vivyo hivyo kwa kijana aliyeongeza kwacha za Zambia kwenye meza yake baada ya safari moja ya mpakani Kasumbalesa: mpaka ule una bei zake na watu wake, na mwenye kuufahamu kwa kawaida ameshaacha kupunjwa kwenye dola za hapa mjini.

Dalili iliyo ngumu kuonekana ni kushuka. Kambisti aliyepigwa na hasara, kisha ukamkuta juma linalofuata na noti ndogondogo, anawaelekeza wateja wa dola elfu moja kwa mwenzake, huyo ni wa kuwekwa akilini. Wengi hufanya kinyume: wanatafuta biashara kubwa zaidi ili warudishe haraka, na kwa kawaida wanaitafuta kwa fedha za watu.

Fedha za watu ndizo zilizomfuata Ferguson pia. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilidai mahakamani kwamba Full Tilt Poker, kampuni ambayo yeye alikuwa kwenye bodi yake, iliwagawia wenye kampuni mamilioni huku haina akiba ya kuwalipa wachezaji waliokuwa wameweka fedha zao pale. Alimaliza kesi yake mwaka 2013 bila kukiri kosa. Asilimia 5 yake haikugusa kabisa swali la fedha za watu.

Lubumbashi swali hilo ni la kila siku, kwa kuwa wafanyabiashara huacha fedha kwa kambisti wao mpaka kesho. Ukitaka kumpima, mwachie kiasi kidogo na uangalie. Anachukua kayé, daftari lake, anaandika jina, kiasi na aina ya fedha, anafunga noti zako kwa mpira na kuziweka peke yake? Au anazitupa kwenye droo pamoja na zake, akikwambia, « Papa, usiogope, tunajuana »? Huyo wa pili anaweza kuwa mtu mwema sana. Chukua fedha zako.